Afande Ramula na Fagio la Shambani

Wanaofagia uwanja wa nyumba ni wengi. Anayefagia shamba la miwa namjua mmoja tu, naye ni bibi yangu mzaa baba.

Jina lake ni Ramula, lakini kule Wanyange, karibu na Jinja, kila mtu humwita Afande. Alikuwa askari wa magereza kwa miaka thelathini na mmoja, na anasema katika kambi zile jani moja likionekana uwanjani alfajiri, ilikuwa kesi. Alipostaafu alinunua ekari mbili na kupanda miwa kwa mikono yake, mistari ikanyooshwa kwa kamba. Wasike, kiongozi wa wakata miwa, humtania mpaka leo: "Afande, miwa yako ikisikia filimbi inapiga saluti."

Mimi nasoma Mbale, nyumbani kwetu ni Malukhu huko huko, na likizo huenda kwa Bibi. Agosti iliyopita nilimkuta mnyonge. Miwa ilikuwa imekatwa. Kwa kawaida mashina hubaki ardhini na kuchipua tena, hupandi upya. Lakini machipukizi yake yalikuwa membamba kama kalamu, na kwingine hakuna kitu kabisa. Baba mdogo Magid alikuwa ameshaamua: Ijumaa trekta inakuja kung'oa kila shina, apande mahindi.

"Mama, uliacha kuchoma ukasema udongo utapona," alimwambia mbele yangu. "Misimu miwili sasa. Umepona wapi?"

Wengi huku huwasha moto kabla ya kukata, majani yaungue, nyoka wakimbie, panga lipite haraka. Bibi alisikia redioni kwamba majani yale ni chakula cha udongo, akakataza moto. Vijana wa Wasike walilalamika kwamba majani yanawachana mikono, akawashonea mikono ya magunia. Kumbe kazi yote ile, na ardhi bado ngumu kama sakafu.

Nilitaka kujua kwa nini. Mwalimu Proscovia, anayetufundisha kilimo, alituonyesha kipimo kimoja rahisi sana: chukua bonge la udongo, likaushe, litumbukize kwenye glasi ya maji, utazame. Udongo wenye afya hujishikilia. Udongo uliochoka humwagika.

Jumanne nilichimba bonge katikati ya shamba la Bibi, na lingine kwa jirani anayechoma kila msimu. Nikayaanika juu ya bati. Jumatano nikayatia majini, yote mawili yakabomoka kama biskuti kwenye chai. Hayakuwa na tofauti hata kidogo. Usiku sikula vizuri.

Alhamisi alfajiri niliamshwa na sauti: chwa, chwa, chwa. Nikaifuata mpaka shambani. Bibi alikuwa katikati ya mistari, ameinama, anafagia majani makavu kuelekea mtaroni.

"Bibi, unafanya nini?"

"Unaona napika?"

"Unafagia shamba kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Shamba chafu ni aibu ya mwenyewe."

Amewakatalia watu moto misimu miwili, halafu chakula chote cha udongo anakitupa mtaroni kwa mkono wake! Jua likapiga ardhi tupu, mvua ikaitwanga, ikagandamana.

"Kuna mahali hufagii?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Kona ile ya kichuguu. Tangu goti lianze kuuma sifiki."

Nilikimbia. Kule majani yalinifika kwenye mashavu ya miguu. Nikayafunua, na chini yake palikuwa na ubaridi, harufu ya mvua, mizizi myeupe myembamba kama uzi, nyungunyungu wakijificha kwa haraka. Udongo ulitoka mkononi kwa punje punje. Na machipukizi ya hapo yalikuwa manene kuliko kidole gumba changu. Nilichukua bonge moja pale na lingine katikati ya shamba, nikarudi mbio, na siku nzima nikayageuza juani kama mtu anayekaanga samaki.

Ijumaa trekta ilifika, Magid amekaa kando ya dereva. Wasike naye alikuja kuaga miwa, ndivyo alivyosema. Niliweka glasi mbili juu ya benchi na kutumbukiza bonge la katikati na bonge la kona. La kwanza likawa tope hata kabla dereva hajazima injini. La pili likakaa, linatoa vipovu vidogo tu.

"Umetia simenti?" Magid akauliza.

"Ni majani yaliyooza, baba mdogo. Mizizi na nyungunyungu vinaunganisha zile punje, maji yanapita bila kuzibomoa."

Hakuniamini. Alikwenda konani mwenyewe, akaleta bonge lake, akalikausha juu ya injini ya moto ya trekta, akalitia majini. Likakaa. Akaigongagonga glasi. Likakaa.

"Sasa kwa nini kona hii tu?" akamgeukia Bibi.

Jibu halikuwa langu. Bibi alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti ile ya gwaride:

"Kosa ni langu. Nimekuwa nikifagia."

Wasike akadakia. "Leo Afande ndiye mshtakiwa. Hukumu yake ni nini?"

Bibi alichukua fagio, akampa Magid. "Lifungie stoo. Ufunguo ukae nao wewe."

Magid aliligeuza fagio mikononi, akaangalia glasi tena. Kisha akamwambia dereva arudi zake. "Msimu mmoja, Mama. Nikiona mtaro una majani, nampigia dereva simu."

Desemba nilirudi. Shamba zima lilikuwa limefunikwa majani, na Bibi ameketi kwenye kigoda amelipa mgongo, kwa sababu kuliangalia hawezi. Machipukizi yalikuwa yameanza kuziba mapengo. Nilichukua jembe nikapiga katikati, pale palipokuwa pagumu kama sakafu.

"Jembe limezama?" akauliza bila kugeuka.

"Bamba lote, Bibi."

"Na uchafu ni mwingi?"

"Mwingi sana."

"Vizuri," akasema. Akainuka, akachukua fagio dogo la jikoni, na kuanza kufagia uwanja wa nyumba kwa mara ya tatu siku hiyo.