Pangaboi na Skafu za Klabu Mpya

Muzdalifa hakai. Ukimkuta kakaa, ujue ama ana homa ama yumo ndani ya treni, na hata ndani ya treni mguu wake mmoja unacheza. Wenzake wa Guangzhou, Wazanzibari na watu wa Kariakoo wanaokutana kwenye kupakia makontena, wamempa jina la Pangaboi, maana tangu alipowashwa hajazimwa. Mwenyewe hachukii. Anasema pangaboi likisimama, watu wanatoka jasho.

Mji huu wa China aliujia kwa wiki tatu tu, kununua viatu vya watoto akauze Darajani, na hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Sasa ni wakala. Mtu yuko Unguja, yuko Dar, anataka mashuka, sufuria, mawigi. Anatuma picha, na Muzdalifa anaingia sokoni, anatafuta, anabishana bei, anakagua, anapakia. Na kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki (labda namsingizia, lakini sidhani), anarusha picha za bidhaa kwenye status yake ya WhatsApp. Mawakala wote wa hapa ndivyo wanavyofanya. Status ndiyo duka lao. Siku usiporusha kitu, wateja wanadhani umefukuzwa nchi.

Ana ndugu mmoja tu, mdogo wake Haroun, ambaye Muzdalifa ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki na mtoto yuko darasa la tatu. Haroun yuko Kanada, katika mji wa Tamarack, mji wa baridi ambao dada yake anaujua kwa simu tu. Miaka sita alikuwa akikata kuku kiwandani mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwaka jana ndipo iliposikika kwamba Tamarack, ambayo haijawahi kuwa na timu ya kulipwa ya mpira wa miguu tangu iitwe Tamarack, itaanzisha klabu. Haroun akajitolea. Kila Jumamosi alisimama mlangoni mwa supamaketi na daftari lake, anawabembeleza watu waandikishe tiketi za msimu za timu isiyo na jina, isiyo na kocha, isiyo na hata mchezaji mmoja. Alipofikisha watu mia nne, klabu ikamwajiri: mtu wa nne kuajiriwa, kazi yake mashabiki. Siku alipompigia dada yake kumweleza alilia, na mtoto yule hakulia hata siku ya maziko ya mama.

Haroun huyo huyo ndiye aliyemletea dada yake mzigo wa skafu. Uzinduzi ungekuwa baada ya wiki tatu, uwanjani. Watu elfu tatu wangevishwa skafu mlangoni, na hapo ndipo mji ungelijua jina la klabu, rangi zake na nembo yake. Mpaka siku hiyo ilikuwa siri, na Haroun aliitilia saini.

"Dada, nakujua," alimwambia. "Hii usirushe. Nimemwambia bosi wangu dada yangu ni mtu wa kutunza siri."

"Kwani mimi mropokaji?" Muzdalifa akauliza.

Haroun akamuuliza habari za bei ya uzi. Mtoto ana adabu zake.

Basi Alhamisi moja saa mbili asubuhi, katika kiwanda kidogo cha mtaa wa Kangle, skafu ya kwanza ikatoka kwenye mashine. Laobani Liang, mwenye kiwanda, akaikung'uta akamkabidhi. Wallahi ilikuwa nzuri. Buluu iliyokoza, mistari ya chungwa, na katikati ndege korongo kasimama kwa mguu mmoja, kafumwa vizuri mpaka unadhani ataruka. Muzdalifa akaipiga picha, akamtumia Haroun. Hapo angetia simu mkobani, na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini asubuhi ile wakala mwenziwe mmoja alikuwa amerusha picha ya kontena zima la vigae, na maneno ya kujishaua chini yake. Lilimkereketa. Watu wanamwona yeye wa sufuria na ndara tu, hawajui kama ana mzigo wa Kanada? Mkono ukamwasha. Akafikiri, akafikiri tena, akapata ujanja: akaitandaza skafu juu ya meza, akaweka kiganja juu ya jina la klabu, akapiga picha nyingine. Rangi zinaonekana, ndege anaonekana, jina halisomeki. Akairusha. "Mzigo wa Kanada huo, si Kariakoo tu. Wenye macho waone."

Na wenye macho wakaona.

Baada ya dakika arubaini hivi alikuwa akihesabu maboksi ya kufungia, na ubavuni mwa boksi la kwanza akasoma, kwa wino mweusi na herufi za kiganja kizima, jina la klabu, na chini yake: Tamarack. Liang alikwisha yapiga chapa maboksi yote. Muzdalifa akaifungua picha yake, akaivuta kwa vidole. Nyuma ya meza, juu kidogo ya kile kiganja kilichojitia kuficha siri, boksi lile lile limekaa limetulia, linasomeka mpaka nukta.

Akaingia WhatsApp aifute, ikawa inazunguka tu. Huku China WhatsApp haifunguki bila VPN, kile kijiprogramu cha kuruka uzio wa mtandao, na VPN ina siku zake. Asubuhi ilikuwepo, sasa haipo. Akaizima, akaiwasha. Akaifuta kabisa ili aiweke upya, jambo la kipumbavu, maana mahali pa kuipakua tena napo pako ng'ambo ya uzio. Liang akamletea chai ya moto, akamwambia mei wenti, hakuna shida. Muzdalifa alitamani kumtupia ile chai.

Kumpigia Haroun simu ya kawaida hakuweza, laini yake haipigi nje. Akawapigia Wazanzibari wenzake watatu wa hapa mjini, wote VPN zao zimelala. Na picha ile, angalia balaa, ilikuwa imekaa pale juu kama nguo ya ndani kwenye kamba ya barazani, kila apitaye anaiona, na mwenyewe amefungiwa nje. Akawa anatembea baina ya mashine, anahesabu kichwani nani na nani wamo kwenye simu yake. Watu wa Darajani wana habari gani na mpira wa Kanada? Hawana. Akaanza kupumua. Ndipo akamkumbuka Vedasto.

Vedasto ni Mtanzania anayekaa huko huko Tamarack, aliwahi kupanga chumba kimoja na Haroun. Mwaka jana alimwagizia mkewe wigi kwa Muzdalifa. Na Vedasto ana ukurasa wake mtandaoni wa habari za mpira, kazi yake kutwa ni kubashiri klabu mpya itaitwaje.

"Ya Rabbi," Muzdalifa akasema, na akatoka mbio bila kumuaga Liang.

Alikuwa amemkumbuka pia Mumbua, mfanyabiashara wa Nairobi aliyefika Jumatatu kununua jinzi. Wageni wanaokuja na laini za kwao wakiwasha data hawahitaji VPN, wanapita juu ya uzio bila kuuona. Na asubuhi kama ile Mumbua hana pa kuwa ila Shahe, soko la nguo za jumla. Muzdalifa akaingia kwenye treni, akabadilisha mara mbili, na njia nzima hakukaa, ijapokuwa viti vilikuwa vitupu. Alikuwa akiibonyeza simu kila kituo. Mzee mmoja wa Kichina alimwangalia, akahama behewa.

Shahe asubuhi ni kelele, mikokoteni na marobota ya nguo yanayopita bila kuomba njia. Alizunguka ghorofa mbili ndipo akamwona Mumbua, mguu mmoja juu ya robota, anakataa bei.

"Mumbua, niwashie intaneti yako. Sasa hivi. Usiniulize."

"Wewe Muzda, hebu keti kwanza. Umekimbizwa?"

"Niwashie, dada yangu."

Mumbua akamtazama usoni, akawasha, akamsomea namba za siri moja moja. Simu ya Muzdalifa ikaanza kutetemeka mkononi na haikutaka kuacha. Cha kwanza akaifuta ile picha. Kabla haijafutika akaona walioitazama: mia mbili na kumi na mmoja. Vedasto alikuwa wa tatu.

Haroun alikuwa ametuma sauti nne. Muzdalifa akaiweka ya kwanza sikioni, huku sikio la pili kaliziba kwa kidole.

"Dada, wameiona. Imeenea mji mzima. Nimetoka kwenye kikao sasa hivi, nimewaambia niliyeirusha ni mimi..."

Hakungoja zaidi. Muzdalifa hajawahi kusikiliza sauti ya mtu mpaka mwisho tangu sauti hizo zianzishwe. Akishapata kichwa cha habari anajibu, na ndivyo alivyofanya mambo yake yote Guangzhou, na mara nyingi yamemwendea. Alichosikia yeye ni kwamba mtoto aliyemlea anafukuzwa kazi kwa kosa lake. Damu ikamchemka. Akatafuta namba ya Derick, meneja wa klabu aliyetia saini oda ya skafu, akapiga. Kwao ilikuwa inakaribia saa mbili za usiku, lakini Derick alipokea mara moja. Bado alikuwa ofisini.

"Si Haroun," Muzdalifa akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Picha ni yangu. Haroun hajui kitu, anasema hivyo kunilinda."

Derick akamuuliza, kwa upole, kama labda ni watu wa kiwanda. Alikuwa anamfungulia mlango. Mawakala wa huku wana mahali pa kutupia kila kosa: mzigo ukichelewa ni meli, rangi ikikosewa ni kiwanda, na mteja wa mbali atajuaje? Angesema ni Liang, na Kanada nzima ingeamini. Neno lilimfika ulimini. Akamwona Liang na ile chai yake.

"Kiwanda hakina kosa," akasema. "Ni mimi. Nilitaka watu waone."

Mwili ukawa mwepesi. Alijiona mtu mwema, na kwa kweli kwa dakika ile alikuwa mtu mwema.

"Mama," Derick akasema taratibu, "Haroun alisimama mbele ya mkurugenzi, akaniangalia machoni, akasema ni yeye. Nilimuuliza mara mbili. Asante kwa kunieleza." Akakata.

Mumbua alikuwa ameacha kubishana bei, anaichungulia simu. "Huko kwingine amesemaje?" akauliza. "Kuna zingine tatu hujasikiza."

Muzdalifa akairudia ya kwanza, safari hii mpaka mwisho.

"...nimewaambia niliyeirusha ni mimi, nimepitiwa, na yamekwisha. Wamenipa onyo la barua, basi. Mkurugenzi hata kacheka, kasema angalau watu wameipenda rangi. Kwa hiyo usimpigie mtu, dada, usiandike kitu. Nakuomba. Tulia tu."

Ya pili ilisema vile vile. Ya tatu alikuwa akimwita jina tu, "Dada, uko wapi, mbona kimya." Ya nne hakuisikiliza. Akajiachia juu ya robota la jinzi, yeye asiyekaa, na Mumbua akamshika bega. Watu wa Shahe wakawa wanawazunguka na mikokoteni yao na kuwagombeza kwa Kichina.

Haroun alipiga baada ya kama nusu saa. Ilisikika barabara, upepo, mtu anatembea.

"Umempigia Derick."

"Nimempigia."

"Hukunisikiliza?"

"Nilisikiliza mwanzo."



"Kuirusha walinisamehe," Haroun akasema. "Kuwadanganya hapana. Wamesema mtu wa mashabiki lazima awe mtu wa kuaminika. Nimekwisha rudisha funguo."

"Mzigo nauacha," Muzdalifa akasema. "Naenda kumwambia Liang azime mashine. Wallahi, Haroun, uzi mmoja hautoki kwangu. Watafute wa kuwafumia."

"Usizime kitu, dada." Hakupandisha sauti, na laiti angeipandisha. "Hawana muda wa kutafuta kiwanda kingine, oda yako iko pale pale. Na wale watu mia nne niliwaambia mimi waje. Nilimshika kila mmoja mkono."

"Mwanangu, nisamehe."

"Zikague moja moja," Haroun akasema. "Siku hiyo watanitafuta pale mlangoni, hawatanikuta. Angalau wakute skafu nzuri."