Kidole cha Zuwena

Zuwena hamwamini mtu. Ukimletea mawese sokoni Rumonge, anachovya kidole kwenye bidoni, dumu la mafuta, analamba, kisha anakukazia macho. "Umetia maji." Miaka ishirini tunauza bega kwa bega, na mimi bado ananichovyea! Nyie, inaudhi.

Basi mjukuu wake Yasmini, wa miezi saba, akapata homa. Tangu jana mtoto alikuwa moto, hanyonyi vizuri, udenda unamtoka. Mama yake, Chanceline, mke wa Athumani mtoto wa Zuwena, alikuwa analia tu. Nikamwambia hayo ni meno mabaya, nani asiyejua? Yanachimbwa kwenye ufizi kabla hayajatoka, homa inakwisha. Mimi mwenyewe nikamwita mama mmoja wa kijiji cha Kizuka anayeifanya kazi hiyo. Alifika asubuhi, kijisu chake kwenye kitambaa safi.

Zuwena akatoka ndani. "Huyu ni nani? Nani amemwita?"

"Mimi, dada. Mutoto iko na meno."

"Meno iko wapi?" Akanawa mikono kwa sabuni, akaingiza kidole kilekile cha mawese mdomoni mwa mtoto, akapapasa ufizi wote. "Laini. Na hata yangekuwepo, meno gani yanachoma mutoto hivi?" Akamtazama mama wa Kizuka, kisha mimi. "Raisa, huyu amekuahidi nini?"

Wallahi nilikasirika! Nahangaika na mjukuu wake, yeye ananiona mwizi. Wala hakujali. Alimvua mtoto blanketi mbili nilizomfunga, akamwambia Chanceline amnyonyeshe njiani, wakaenda kituo cha afya. Nikawafuata, hasira na yote. Huko nako aibu tupu: kabla mtoto hajatobolewa kidole, Zuwena alitaka kuona sindano ikitoka kwenye paketi yake. Tarehe ya kuisha muda wa kipimo akaisoma mara mbili.

Ilikuwa malaria.

"Mumefanya vizuri kuja leo," muganga akasema. "Mungengoja siku mbili, sijui."

Tukakaa kwenye benchi, Yasmini ananyonya kidogo kidogo. Bado nilikuwa na kinyongo. Nikamuuliza Zuwena kwa nini hamwamini mtu hata siku moja.

"Niliamini," akasema. "Kabla ya Athumani nilikuwa na mutoto mwingine, Jafari. Walisema ni meno. Mimi ndiye niliyemushika kichwa wakimuchimba."