Jogoo Aliyerudishwa kwa Makofi

Kama kuna neno lililomtia Nafuna kichefuchefu, ni "bure". Si bure yenyewe, maana hiyo aliichagua kwa akili zake timamu. Ni jinsi watu walivyolitamka, midomo wameikunja kana kwamba wameokota kitu mtaroni.

Kazi yake ya riziki ilikuwa kutengeneza kompyuta katika kibanda kimoja pale Ruiru, karibu na stesheni. Muda wake mwingine wote aliumalizia kwa Mkeka, programu aliyoiandika kwa ajili ya vikundi vya kusaidiana wakati wa misiba. Ilianzia mtaa wa mabanda wa Kiandutu, kwa Mama Kui na wenzake wauza mboga, baada ya mchango wa mazishi kupotea na kina mama nusura wang'oane nywele. Mtu akifiwa, Mkeka ulimpelekea kila mwanachama ujumbe, na kila mmoja akaona kwenye simu yake nani ametoa na pesa zimekwenda wapi. Nafuna akauweka wazi mtandaoni: atakaye auchukue, autumie, hata aubadilishe. Siri ndiyo iliyowagombanisha wale kina mama, alisema, basi chombo chao nacho kisiwe na siri.

Mkeka ukaenea hadi kwa makanisa, kwa koo, hata kwa wenye nyumba wa Membley na mageti yao. Na kadiri ulivyoenea ndivyo watu walivyoulizana huyu dada anafaidi nini. Nani Kenya hii anatoa kitu bure? Lazima kuna wafadhili nyuma yake, na lazima anawala vizuri.

Kisha akatokea Muriithi, bwana mmoja wa suti na kadi za biashara. Aliuchukua Mkeka, akaupaka rangi ya buluu, akaupa jina la Kizungu na kuanza kuuza. Ruhusa ya kuchukua alikuwa nayo. Alichokosa ni haya usoni. Nafuna alipoufungua alikuta hata rambirambi aliyoitunga mwenyewe wiki aliyomzika babake: "Pole. Hatutakuacha peke yako." Alitoka nje ya kibanda akatema mate, naye hakuwa mtu wa kutema mate.

Mtambo wa kukodi uliobeba Mkeka mtandaoni ulilipiwa na mshahara wake, na kazi ya kibandani ilipopungua, ulimshinda. Akawaandikia watumiaji wote: tusaidiane, la sivyo mwisho wa mwezi unazimika. Wengi walimjibu kwa zile picha za mikono ya kuomba. Aliyempigia simu ni mmoja tu, Mzee Kagwe, mwenyekiti wa wakazi wa Membley.

"Usijali, msichana wangu," alisema. "Tutakufanyia harambee."

Nafuna alifurahi, masikini. Akaambiwa alete kitu cha mnada, maana harambee bila mnada ni mkutano tu. Akaleta jogoo mwekundu aliyetumiwa na mamake kutoka Bungoma.

Siku ilipofika alikuta mahema, viti vyenye vitambaa, pilau, na mgeni wa heshima kwenye kiti kikubwa: Muriithi. Mnada ukaanza na kabeji. Watu waliokosa chochote cha kuutolea Mkeka sasa walishindana kulipia kabeji, wakalipia jirani avue tai, kisha wakalipia airudishe. Nafuna aliwatazama wakicheka na vinywa vimejaa pilau, akaisukuma sahani yake kando.

Jogoo aliponadiwa alinunuliwa na Muriithi, ambaye aliahidi kutuma pesa akifika nyumbani. Akamwinua juu kwa mabawa.

"Mimi siwezi kubeba kuku kwa gari yangu," alisema. "Namrudishia sister yetu Nafuna, kama appreciation ya kazi yake!"

Makofi yakapigwa hadi hema likatikisika. Mwenye kuendesha sherehe akamsukumia Nafuna kipaza sauti. "Sema asante, madam!"

"Huyu jogoo ni wangu," Nafuna alisema. "Nimekuja naye asubuhi."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Hapo Mzee Kagwe akasimama.

"Watu wangu, sisi kama committee tumekaa chini. Hii kitu ya Nafuna ni ya donors, na donors wakienda tutabaki wapi? Hizi pesa tutanunua ile ya Muriithi, ya kulipia. Kitu ya bure ikiharibika utalilia nani? Na Nafuna ndiye atatuhamishia majina, si anajua hiyo kazi?"

"Mzee, ni ileile," Nafuna alisema. "Ni yangu. Ameipaka rangi tu."

Kagwe alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Sasa kama ni ileile, mbona yake inauzwa?"

Na watu wakaitikia kwa vichwa. Nafuna alimkwapua jogoo wake akaondoka. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuombi usimame ushukuru.

Nafuna hakutaka kumwona jogoo huyo tena. Jumapili akampeleka Kiandutu kwa Mama Kui, akachinjwa. Nafuna alisimulia yote, na kwamba Mkeka unazimika wiki hiyo. Mama Kui, huku akisonga ugali, alimtukana Muriithi kwa Kikuyu, akamtukana Kagwe, akarudi tena kwa Muriithi. Nafuna aliyasikia matusi yale yakimwingia mwilini kama chai ya moto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupumua vizuri tangu harambee. Hapa angalau, alijiambia. Hawa wanajua.

Mama Kui akapakua. Firigisi, kipande cha heshima, akamwekea Nafuna. Akafunga mlango, akasogeza kigoda karibu, akashusha sauti.

"Sasa Nafuna, mwanangu, hapa ni mimi na wewe tu, na mimi siwezi kusema kwa mtu. Hao wazungu walikuwa wanakulipa ngapi?"

Nafuna alikuwa ameshauma. Akaitema firigisi mkononi, akaiweka pembeni mwa sahani.