Goti la Mparaguay na akina mama wa maombi wa Dzaleka

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, na sitaongeza chumvi, maana yenyewe yamekolea.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Mwaka jana nilijitia kijana kwenye mechi ya wazee, nikachana kano za goti la kulia. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Bila goti, hakuna kazi.

Hospitali kule Lilongwe walinipa mazoezi ya miezi mingi. Nilifanya wiki mbili, maumivu yakanishinda, nikaacha kimyakimya. Mama nikamwambia nimeshapona.

Sasa kuna mwanasoka mmoja wa Paraguay, anacheza kiungo, hapa nitamwita Anselmo.

Namfuatilia tangu alipotua Ureno akiwa kinda. Akasugua benchi, akapelekwa kwa mkopo Ubelgiji kwenye timu ya mkiani, mpaka akafika Hispania akawa nguzo. Hana mbwembwe. Anafika tu mahali kabla mpira haujafika. Sijui anajuaje, na miaka yote hii bado nashangaa.

Naye alichanika goti, msimu uleule na mimi.

Mama yangu yuko kwenye kundi la maombi kanisani. Kila Ijumaa wanafunga, kila mmoja analeta jina la mgonjwa. Akaniuliza kama nina mtu wa kuombewa. Kujitaja niliona aibu, nikamtaja Anselmo.

Hapo nilisahau jambo moja. Akina mama hawa wakimwombea mtu, lazima wamtembelee na chakula.

Mama alipouliza mgonjwa yuko wapi, nilijibu juujuu tu kwamba yuko mbali, kwenye matibabu. Kwa mtu wa kambini, hiyo ni Lilongwe.

Jumanne moja wakapanda basi, akina mama sita, na unga, maharage na kuku wa kupikwa. Wakazunguka wodi wakimuulizia frère Anselme, yaani ndugu Anselmo kwa Kifaransa chao, yule wa goti! Mwisho chakula wakamwachia mzee mmoja Mmalawi aliyekuwa hana mgeni. Alisema zikomo, asante ya kwao, huku analia.

Waliporudi nikakiri kwamba Anselmo ni mchezaji wa mpira huko Hispania, ila goti langu nikaendelea kulificha. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alininunia siku mbili. Kisha akauliza, "Huyo Anselme, iko na mama?"

Nikasema anaye.

"Basi tutaendelea kumuombea."

Wakuu, walifunga miezi saba kwa ajili ya mtu ambaye hawajawahi kuiona sura yake. Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Jumapili moja baada ya ibada, habari zikaja kwamba anarudi uwanjani. Kibanda cha video kikajaa vitenge.

Dakika ya sabini akaingia. Mpira wa kwanza tu, akapigwa goti lilelile, akaanguka. Akainuka taratibu, akajipangusa nyasi, akanyoosha mkono kuomba mpira.

Akina mama walisimama wote, wengine machozi yanawatoka. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kwenye mpira.

Mama yangu hakuwa anatazama TV. Alikuwa anautazama mguu wangu, nilivyounyoosha mbele ya benchi, umekakamaa kama ukuni.

"Huyu tulimuombea, njo anakimbia. We mutoto yangu hatukukuombea hata siku moja, juu hukutupatia jina yako. Utupatie leo."

Nina miaka arobaini na moja. Nilitaja jina langu mbele ya kibanda kizima, nikilia.

Kesho yake asubuhi akina mama wawili wa kundi walikuja na sufuria ya nsima, ugali wa huku. Mmoja akashika kisigino, mwingine akahesabu mikunjo kwa sauti. Wamekuja hivyo kila siku, na mwezi huu nimekanyaga cherehani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nashukuru nimeumbuliwa na Mparaguay.

Na wewe unayesoma hapa, unaficha nini? Andika jina lako tu hapo chini. Ijumaa nitampelekea mama.