Mnyororo wa Maombi wa Lavonne Tackett

Simu ya Lavonne Tackett ilitundikwa ukutani jikoni, na waya wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba aliweza kukoroga mchuzi, kumfungulia paka mlango na kusikiliza habari za ugonjwa wa mtu, yote kwa mkupuo mmoja. Kwa miaka kumi na tisa simu hiyo ndiyo ilikuwa kichwa cha mnyororo wa maombi wa kanisa lao la Kibaptisti pale Cobb's Ferry, kusini mwa Ohio. Mtu akiugua, akifiwa, au mwanawe akipelekwa vitani, alimpigia Lavonne. Lavonne alimpigia Nedra Pruitt, Nedra akampigia wa tatu, na wa tatu wa nne, hivyo hivyo mpaka wa kumi na nane, ambaye kazi yake ilikuwa kumrudia Lavonne na kumsomea maneno yale yale, ijulikane kwamba hayakutiwa chumvi njiani. Kahawa ya Lavonne ilikuwa haijapoa, na wanawake kumi na wanane walikuwa wameshapiga magoti.

Wala hawakuishia kwenye magoti. Jioni yake mgonjwa angekuta barazani bakuli la kuku na tambi limefunikwa kwa kitambaa, na mtu wa kumfulia, na mtu wa kumpeleka kwa daktari. Lavonne alilelewa na mikono hiyo. Alipokuwa na miaka tisa mama yake alilazwa mwaka mzima kwa kifua kikuu, na kila asubuhi mwanamke wa kanisani alikuja kumsuka nywele kabla ya shule. Kila mmoja alisuka kwa mtindo wake, hata watoto darasani wakawa wakimtazama kichwa na kusema leo ilikuwa zamu ya nani.

Kwa hiyo sheria mpya ya bima ya afya ilipopita, mwezi Machi mwaka 2010, Lavonne aliiona kama mtu aliyeingia nyumbani kwake bila hodi na kuanza kupanga vyungu vyake. Aliogopa pia kwa ajili ya Hobart mumewe, mstaafu wa reli, mwenye moyo mbovu na bima nzuri. Ilisemwa kwamba sasa karani wa serikali ndiye atakayeamua mzee gani atibiwe na yupi aachwe. Lavonne hakuwa mwanamke wa makelele. Alimwomba Mungu amwonyeshe la kufanya, na wiki ile ile akaja Roscoe Delp, muuza chakula cha mifugo, kofia mkononi.

"Dada Lavonne," alisema, "Novemba tunataka kumng'oa mbunge aliyeipigia kura ile sheria. Mimi nina mabango mia mbili na hakuna wa kuyashika. Wewe una wanawake kumi na wanane wanaopokea simu kabla haijalia mara ya pili."

"Ule ni mnyororo wa maombi, Roscoe."

"Na hili si la kuombea?"

Lavonne akaona kwamba ni la kuombea. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kufika Julai, mnyororo ulikuwa unabeba mikutano, maandamano, na majina ya watu wa kusafirishwa. Siku nyingine ulizunguka mara tano. Haja za watu zikaanza kugongana na za Roscoe, basi Lavonne akapitisha neno: mpaka uchaguzi upite, mwenye shida yake aisubirishe mpaka Jumapili, pale mchungaji anapouliza kanisani nani ana haja ya kuombewa. Lilionekana jambo dogo. Lakini kanisani huketi wanaume, mashemasi, Roscoe Delp mwenyewe na mikono yake kifuani. Kuna mambo mwanamke wa Cobb's Ferry hayataji mbele ya mashemasi hata akishikiwa kisu. Mnyororo uliundwa kwa ajili ya mambo hayo, na Lavonne alilijua hilo kuliko yeyote.

Nedra Pruitt alikuwa na jambo la namna hiyo. Lilikuwa chini ya titi la kushoto. Wakati wa Pasaka lilikuwa kama punje ya haragwe, na sasa lilikuwa kama ndimu. Nedra alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja. Yeye na Lavonne walishona glavu meza moja kwa miaka ishirini na miwili, mpaka kiwanda kilipofungwa na bima yake ikaenda na kiwanda. Siku hizi alipiga pasi katika duka la dobi, akilipwa kwa saa. Kwa majuma mawili alifanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo, kisha Jumanne moja asubuhi akakaa, akapiga simu.

"Nedra! Ndiwe niliyekuwa nakutafuta. Umeshampigia Ruby habari za Alhamisi?"

"Nimempigia. Lavonne, nina neno."

"La mkutano?"

"Hapana. Langu tu."

"Basi mpenzi wangu, liweke mpaka Jumapili. Roscoe anataka majina kabla ya saa sita, na leo nikianza kusikiliza haja za watu sitoki hapa. Mguu wa Ruby peke yake ni nusu saa."

Nedra alicheka. "Na ukimuuliza mguu upi, ni saa nzima."

"Umeona! Jumapili, basi."

"Haya. Halina haraka."

Jumapili mchungaji aliuliza nani ana haja. Nedra alitazama shingo ya Roscoe Delp kwenye benchi la mbele, akanyamaza. Jumapili iliyofuata akanyamaza tena. Kisha kunyamaza kukawa rahisi.

Septemba mbunge alikuja kukutana na wananchi katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Lavonne na Nedra walisimama bega kwa bega, kila mmoja na bango lake, na Nedra alishika lake kwa mkono wa kulia peke yake.

"Uliisoma hiyo sheria, mheshimiwa, au ulisimuliwa?" mtu alipiga kelele.

"Mwacheni ajibu!"

"Ajibu nini? Tangu aingie anakunywa maji tu!"

Ukumbi ukacheka, na Nedra naye akacheka, kwa maana alikuwa upande ule ule na Lavonne, na hakuna aliyemlazimisha. Baadaye akasimama mwanamke kijana, mgeni kwao, akasema mumewe ana uvimbe kichwani na hana bima.

"Atafute kazi!" akasema mtu kutoka nyuma.

Hawakucheka wote, lakini waliocheka walisikika. Yule mwanamke akakaa. Lavonne aliona haya, akainamisha macho. Alipoyainua, Nedra alikuwa ameshusha bango lake.

"Mkono umechoka?"

"Umechoka."

"Uzee huo, mwenzangu."

"Ndiyo huo," alisema Nedra.

Katikati ya Oktoba, siku ya chakula cha pamoja baada ya ibada, Nedra alishindwa kuinua sufuria ya viazi. Twila Oakes, wa tano katika mnyororo, alikuwa muuguzi wa kliniki ya kaunti. Aliuona ule mkono ulivyovimba, akamshika Nedra kiuno kama anayetaka kumnong'oneza umbea, akaingia naye chumba cha watoto, akafunga mlango. Siku tisa baadaye daktari wa mjini alisema ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa.

Twila ndiye aliyekuja kumwambia Lavonne. Hakukubali kukaa.

"Anasema alikupigia Julai."

Lavonne alikuwa anamenya tufaha. Akaweka kisu chini.

"Sikulaumu mbele yako wala nyuma yako," alisema Twila. "Ila nataka ulijue hili kutoka kwangu. Tangu mwezi wa nne tunawapima wanawake wasio na bima, kila Alhamisi, hawatoi hata senti. Wakikutwa na ugonjwa, iko njia ya kuwatibu. Lile neno lingefika kwangu kabla ya saa sita, Dada Lavonne. Ningempeleka mwenyewe kwa gari langu."

"Kwa nini hukutuambia kwamba mnapima?"

"Nilikupigia Mei, ulitangaze. Ulisema la serikali hilo, lisubiri."

Twila alipoondoka Lavonne aliendelea kusimama pale. Hobart aliingia kutafuta chakula, akamkuta hivyo, akamvalisha koti bila kuuliza akampeleka kwa Nedra. Nedra akawafungulia mlango, akasema, "Kwa sura hizo, nani amekufa?" Lavonne akapita moja kwa moja jikoni kuchemsha kahawa. Walikaa, wakanywa kahawa, wakazungumzia mifereji ya paa.

Hapo Lavonne akafanya kile alichokijua. Mnyororo ulizunguka kwa ajili ya Nedra Pruitt, na Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi kukawa na karamu ya mchango katika ukumbi wa chini wa kanisa. Mji mzima ulikuja. Roscoe Delp alileta ndama wake wa maonyesho akamnadi nje kwenye maegesho, na aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, mara tatu. Watu walitoa kama Lavonne siku zote alivyosema watatoa, na katika hilo hakuwa amekosea. Twila aliangalia kile kilichopatikana, akamwambia taratibu, "Ni sindano nne za dawa. Daktari anataka kumpa kumi na sita, na hizo si za kumponya."

Lavonne akaenda jikoni. Nedra alikuwa huko huko, kwenye kiti kirefu, anapangusa uma. Alikataa katakata kwenda kukaa meza ya mbele.

"Nikae pale kama bibi harusi, watu wanitazame titi? Niache nifanye kazi."

Lavonne akaingiza mikono kwenye maji ya kuoshea vyombo. Kwa muda alisugua trei moja.

"Nedra. Ile Jumanne ya Julai."

"Naijua."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Nilipiga magoti kwa hilo Agosti nzima, na Mungu ndiye aliyenisaidia, mimi mwenyewe nilikuwa sitaki." Akaweka uma, akachukua mwingine. "Lakini usinitake niseme haikuniuma. Nilibaki na simu mkononi, Lavonne. Nikawaza, kama huyu hana nafasi, nani anayo?"

"Ungenikatiza. Ungesema nyamaza, naumwa."

"Wewe ungesema hivyo?"

Lavonne alifikiri kwa kweli, kwa kuwa Nedra hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Nisingesema."

"Haya basi."

Roscoe akachungulia mlangoni, uso umemvimba kwa kulia. "Dada Lavonne, watu wanakusubiri. Maneno mawili tu ya Jumanne, nani anambeba nani kwenda kupiga kura."

"Siendi, Roscoe."

"Nenda," alisema Nedra. "Na mimi uniandike, nibebwe. Kura yangu iko pale pale. Ugonjwa hauko kichwani. Na Julai sikuipigia serikali simu, nilikupigia wewe."

Lavonne akaenda. Akasimama mbele ya meza na karatasi yenye majina na magari, mikono yake bado inachuruzika maji ya sabuni. Aliitazama ile karatasi, akaikunja.

"Kuna mtu hapa anaumwa," alisema, "na hajatuambia?"

Hakuna aliyetarajia swali hilo. Akasubiri. Alitazama meza baada ya meza, wanawake wake wote wakiwa wamekaa karibu na waume zao, na kila aliyetazamwa aliinamia sahani. Ruby alifungua mdomo, akaufunga. Shemasi mmoja akakohoa. Lavonne akasubiri mpaka ikawa aibu, kisha akarudi jikoni.

Nedra alikuwa amesikia yote.

"Mbele ya Roscoe?" alisema. "Hata sasa hivi ninavyokufa nisingeinua mkono."

Akaanza kucheka, na Lavonne akacheka naye, wakashikana kama walivyokuwa wakishikana kiwandani msimamizi akipita, huku wakizibana pumzi wasisikike nje. Kisha Nedra akahisi bega lake linalowa, akajua mwenzake ameacha kucheka zamani. Hakumwambia anyamaze. Alimkumbatia kwa ule mkono wa kulia, kwa nguvu alizokuwa nazo. Siku hiyo alikuwa amebakiza wiki kumi za kuishi.