Dijei wa Karagita Aliyejifunza Kunyamaza

Saa nane mchana, Jumapili. Makanisa ya Karagita yameshamaliza ibada, na njia ya vumbi inayoteremka kuelekea Ziwa Naivasha imejaa watu wenye Biblia kwapani na watoto mgongoni. Ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya duka la kinyozi, Zablon Ogada anapanguza mabenchi kwa kitambaa chenye unyevu.

Anapanguza yote, hata ya nyuma ambayo Jumapili iliyopita hayakukaliwa na mtu. Kisha anainamisha kichwa mbele ya runinga, midomo ikitikisika bila sauti. Anasema amina, anafungua mlango.

"Karibuni," anasema. Ni mnong'ono mkavu, kama majani ya mahindi yakipitiwa na upepo.

Zamani sauti hiyo ilisikika hadi stendi ya bodaboda. Ogada, mwenye umri wa miaka 47, ni dijei wa sinema, yaani yule anayekaa kando ya runinga na maikrofoni, akiwafasiria watu filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akiwabatiza waigizaji majina ya mtaani na kupigana bega kwa bega nao. Jambazi akirushwa kutoka ghorofani, Ogada alianguka naye kwa kelele mpaka chini.

"Watu hawakuja kuona filamu, walikuja kumsikia Ogada," anasema Waithera Gathogo, mwenye kibanda. "Huyu alikuwa anaweza kufanya hata mazishi ichekeshe."

Mwaka jana koo likaanza kukwaruza. Alitafuna tangawizi, akanywa asali, akaombewa, kisha akarudi palepale kwenye maikrofoni kupiga kelele. Daktari mmoja mjini Nakuru alimchungulia akamwambia wazi: anyamaze, la sivyo sauti itakwenda isirudi.

"Nikamuuliza, daktari, mtu wa mdomo akinyamaza atakula nini?" Ogada anakumbuka. "Akaniambia, hiyo swali si ya koo."

Mkewe, anayevuna maua katika shamba moja karibu na ziwa, ndiye aliyeibeba nyumba miezi hiyo. Watazamaji, waliokuwa wakilipa shilingi ishirini kila mmoja, walipungua. Dijei bubu ana kazi gani?

Ndipo Jumapili moja Ogada akachukua sidii aliyoinunua kwa sababu ya picha ya juu yake, chombo kikubwa kikipaa kati ya nyota.

"Nikasema hapa kuna roketi, kuna mizinga," anaeleza. "Watu watajionea wenyewe, hata nisiposema neno."

Hakuna mzinga uliolia. Katika filamu hiyo, mwanamke mmoja analinda kituo kilicho mbali sana angani. Kwao kunaonekana dirishani kama nukta ya mwanga. Anapika chai, anamimina vikombe viwili, anakunywa kimoja. Anatazama dirishani. Anatazama. Anaendelea kutazama.

"Dijei, sidii imekwama!" mtu akapaza sauti.

Ogada naye aliamini hivyo. Akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Mwanamke alikuwa palepale. Akaitoa tena, akaipulizia. Mwisho akaigonga mashine kichwani kwa kiganja, na kibanda kizima kikacheka.

"Mpige ingine, boss, huyo mama ataamka!"

Aliyewanyamazisha ni Nekoye, mwanamke anayechambua na kufunga maua ya kusafirishwa nje. Alikuwa ameketi benchi la mbele, viatu vyake amevivua.

"Haijakwama," alisema. "Angalieni hiyo kikombe ya pili. Moshi ya chai si inapanda?"

Wakaangalia. Kweli, mvuke ulikuwa unapanda, mwembamba, polepole, kutoka kwenye kikombe ambacho hakikuwa na mnywaji.

Wengine walitoka wakidai ishirini zao. Waliobaki walikaa mpaka mwisho, na filamu ilipoisha hawakuinuka upesi. Ogada anasema alikuwa hajawahi kuona kibanda kikiwa hivyo. Anakifananisha na kanisa baada ya meza ya Bwana, kabla pasta hajatangaza wimbo.

Nekoye anaeleza kilichomshika.

"Kazini mkono haulali. Ua likichelewa, ndege haingoji, na supavaiza yuko hapa mgongoni," anasema akijigusa bega. "Sasa hapa naona mtu anaangalia tu dirisha, na hakuna wa kumwambia aharakishe. Nililia, na hakuna mtu alikuwa amekufa."

Mwanawe wa miaka sita analelewa na nyanyake Kimilili, safari ya siku nzima kutoka hapa.

"Hiyo kikombe ya pili mimi naijua. Kuna jioni napakua sahani mbili, halafu nakumbuka niko peke yangu."

Tangu siku hiyo Jumapili za Ogada zikabadilika. Alizunguka vibanda vya sidii vya Naivasha na Nakuru akitafuta filamu za aina hiyo, za anga na za miaka ijayo, ambazo ndani yake watu wanafikiri kuliko wanavyopigana. Wauzaji walimcheka. Mmoja alimuuliza kama anataka za kulazia watoto.

Utamu wa Jumapili hizo, wanasema watazamaji, huja baada ya filamu, chai ya birika ikizunguka na mjadala ukipamba moto.

"Yule mama amerukwa na akili," alisema kijana mmoja wa bodaboda. "Anapikia nani chai huko angani?"

"Na wewe uliyeacha bibi Bungoma mwaka mzima," Nekoye alimjibu, "nani amerukwa?"

Jioni nyingine walibishana kuhusu nyota. Filamu ilisema mwanga unaouona leo ulitoka huko zamani, na huenda nyota yenyewe imeshabadilika. Kihara, mzee anayelinda lango la shamba la maua, hakuona ugumu wowote.

"Si ni kama picha ya mjukuu kwa simu?" aliuliza. "Unaangalia mtoto hana meno, kumbe huko nyumbani tayari anatafuna muwa."

Lakini mazungumzo matamu hayajazi mabenchi. Waithera amepata mtu anayetaka kukodi kibanda aonyeshe mpira kila Jumapili kutwa. Alimweleza Ogada bila kumficha: mabenchi ya nyuma yakibaki tupu tena leo, Jumapili zinakwenda kwa mpira.

"Mimi nampenda huyu mtu," anasema, "lakini watu wanataka kelele. Kimya sijaona ikilipa kodi mahali."

Kwa kuwa huenda leo ndiyo mara ya mwisho, watazamaji wamemwomba Ogada arudie ile ya vikombe viwili. Nekoye ameketi mbele, Kihara pembeni yake. Mabenchi ya mbele yamejaa. Ya nyuma yanang'aa kwa kupanguzwa, na hayana mtu.

Filamu haijafika mbali, mvua inashuka kwa kishindo juu ya mabati. Enzi za maikrofoni, mvua ilikuwa adui wa dijei, na Ogada aliipigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Leo anakaa tu. Mwanamke wa angani hasemi neno, kwa hiyo mvua haimnyang'anyi kitu.

Watu waliokuwa njiani wanaingia kujikinga, wakikung'uta makoti, wakiuliza kwa sauti ni filamu gani hii. Wanaonyeshwa benchi la nyuma. Wanakaa ili mvua ipungue. Inapungua, na wengi wao hawatoki.

Mlangoni anatokea Waithera, mwavuli mkono mmoja, kufuli mkono wa pili. Anatazama runinga. Anangoja. Uso wake unakunjamana.

"Ogada, mashine imekwama?"

Ogada ananyoosha kidole kuelekea kikombe cha pili.

Waithera anasogea mbele, anainama kidogo, anakodoa macho. Nekoye anasonga bila kugeuka, akimpa nafasi. Mwenye kibanda anaketi, kufuli mapajani, na hainuki mpaka mwisho, ambapo filamu inaisha kabla hatujajua kama mgeni wa kikombe cha pili atafika.

"Sasa huyo mtu alikuja ama hakuja?" anauliza taa zikiwaka.

"Mama, hiyo ndiyo tunaongeanga hapa," Kihara anamwambia, akimpa chai.

Waithera anageuka kuangalia mabenchi ya nyuma, kisha anatia kufuli mfukoni.

"Mtu wa mpira nitamwambia angoje mpaka Krismasi," anasema. "Lakini Jumapili ijayo mnieleze vizuri."

Ogada ana ndoto ya kupata runinga ya pili aipeleke Mai Mahiu, chini ya mteremko, ambako madereva wa malori hukaa wakingoja magari yao yatengenezwe. Anaamini watu waliozoea kungoja watamwelewa yule mwanamke upesi. Kuhusu koo, bado anaenda kliniki, na bado anaomba.

"Namwomba Mungu anirudishie sauti," ananong'ona, akikusanya vikombe. "Na akinirudishia, kila Jumapili nitainyamazisha mwenyewe."