Kishimo cha Mama Valentino

Mama Valentino wa Kidete ana mkono wa kushoto mwizi. Alikuwa akiusema hivyo mwenyewe, kwa sauti, akiwa peke yake nyuma ya jiko, na ndicho kilichomponza.

Jina lake Editha. Mumewe, aliyefanya kazi reli, yuko makaburini. Mwanawe Valentino yuko Dar, hupiga simu Jumapili huku anatafuna: "Mama mzima? Haya, tutaongea." Hawajawahi kuongea.

Siku moja, akichagua mchele, alikuta kijiwe. Badala ya kukitupa akakirusha juu, akakidaka. Akarusha tena. Kesho yake akachimba kishimo cha kuingia ngumi, akakijaza vijiwe vya Mto Mkondoa, akacheza mdako kama alivyoucheza kabla hajaota matiti: unarusha jiwe juu, unazoa vijiwe shimoni, unadaka jiwe lako, kisha unarudisha vyote ubaki na kimoja.

Ila mdako ni mchezo wa wawili. Akawaomba wanawake wa jumuiya. "Kwa magoti yangu haya, Mama Valentino?" Magoti hayohayo hayakulalamika ulipopigwa muziki wa singeli kwenye sherehe ya kipaimara. Basi akashindanisha mkono wa kulia na wa kushoto, na kwa kuwa mdako bila matusi ni kuokota mawe tu, akawa anautukana ule wa kushoto: "Mwizi wewe! Leo nakumaliza. Nakuzika humuhumu shimoni!"

Magreti, jirani aliyekuja kuazima chekeche, akayasikia hayo. Akachungulia uani: mjane amechuchumaa, shimo, mawe, na kuna mtu anazikwa. Chekeche akalisahau. Kufikia mchana kila mwenye kikohozi Kidete alijua kimetoka wapi.

Salamu zikaanza kumpitia mbali. Watoto wakavutwa mikono. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi ya kulala. Sala ya jumuiya, iliyokuwa zamu yake, ikahamishwa, eti kwake kuna joto. Kidete nzima kuna joto.

Mwishowe akaja Filipo, mwenyekiti wa kitongoji, ndani ya koti lake la mikutano. Nyuma yake Magreti na wajumbe wawili, mbali kabisa na shimo.

"Shikamoo, Mama Valentino."

"Marahaba, mwenyekiti. Mmekuja wengi, na ugali wangu ni wa mtu mmoja."

"Tumefuata shimo. Wananchi wana hofu. Unamzika nani humo?"

"Mkono wangu wa kushoto."

Wajumbe wakarudi nyuma zaidi. Editha akachuchumaa, akarusha, akazoa, akadaka, akarudisha vijiwe. Filipo akainama.

"Umebakiza viwili," alisema. "Dada zangu wangekutoa."

"Dada zako walikuwa waongo. Kaa nikuonyeshe."

"Mwenyekiti!" Magreti akashtuka.

"Nafanya uchunguzi," akasema Filipo, tayari anavua koti.

Uchunguzi ukawa mrefu. Mwenyekiti aliangusha, akadai upepo. Akashika mkono wa mjane akipiga kelele, "Mwizi! Mama Valentino mwizi, nimekuona!" Editha akamjibu kuwa ana vidole vya kushikia muhuri tu. Wakacheka mpaka Filipo akakaa chini kwenye vumbi. Miaka mingi hakuna aliyemtukana Editha vizuri hivyo.

Kisha Filipo akawaona wajumbe wanavyomtazama. Akainuka, akavaa koti, mikono mifukoni.

"Ni mdako," akatangaza. "Uchawi hakuna. Lakini mama, fukia. Kwa ajili ya amani."

Amani yenyewe haikuja. Magreti akaeneza kwamba mwenyekiti naye kapatikana: mtu mzima mwenye akili timamu atachekaje vile? Tangu hapo Filipo humwamkia Editha akiwa juu ya baiskeli, bila kupunguza mwendo.

Editha akachukua jembe afukie. Alipokusanya vijiwe, jiwe la kurusha hakuliona. Akapekua majani, akapekua majivu. Ndipo akakumbuka ile mikono mifukoni.

Jumapili simu ikalia. "Mama mzima?"

"Mzima. Kuna mtu kaondoka na jiwe langu."

"Haya, tutaongea."

Mkondoa umejaa mawe. Angeweza kwenda kuokota jingine. Hakwenda. Alirudisha jembe ndani, shimo akaliacha wazi, na kila jioni hulifagilia pande zote mbili, upande wake na ule aliokaa mwenyekiti.